SOMO KWA VYAMA: KUCHAGUA BUNDUKI YA MARISAU ILIYO NAFUU



Kila msimu wa mavuno unapokwisha na malipo ya mazao yanapowafikia wakulima, swali moja hurudi katika ofisi za vyama vyetu vya msingi. Mwanachama huingia, husalimu, huketi, kisha humwambia Katibu: "Nataka bunduki ya kulinda nyumba yangu, na Mungu akijalia nipate kanga wa kitoweo mara moja moja. Ninunue ipi isiyonigharimu sana?" Ni swali la haki, na lastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa anayelijibu vibaya aweza kumfanya mwenzake apoteze jasho la mwaka mzima, au apoteze mtoto.

Somo hili limeandikwa lisomwe kwa sauti katika vikundi, sehemu moja moja, na mwisho wake yamo maswali ya mazungumzo. Jambo lake kubwa ni hili: bunduki nafuu si ile yenye bei ndogo dukani. Ni ile ambayo mwenyewe aweza kuilipia kibali, kuinunulia risasi, kuielewa hata gizani, na kuifungia kwa kufuli kila siku ya mwaka.

1. Je, bunduki yahitajika?

Kabla ya kuuliza ni bunduki ipi, yafaa kuuliza ni hatari ipi. Mwizi huja kwa sababu ya kitu. Ikiwa kinachomvuta ni fedha taslimu zilizowekwa chini ya kitanda, dawa ya kwanza ni kuziondoa fedha hizo nyumbani: malipo yapitie benki au simu. Mlango wa mbao ngumu wenye komeo mbili, mbwa anayebweka, taa ya nje, na majirani waliokubaliana kuitikia yowe, vyote hugharimu kidogo kuliko bunduki, na havimwui mtu kwa makosa. Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguvu yao ya kwanza ilikuwa ni kuitikiana.

Wapo pia wanaotaka bunduki kwa ajili ya kwelea kwelea. Tupige hesabu. Ndege mmoja aweza kula na kuharibu gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja huharibu tani 10 kwa siku. Tuseme risasi moja imeangusha ndege 20, na hiyo ni bahati njema: mkulima ameokoa gramu 200 za mtama kwa siku hiyo, naye ametumia risasi ambayo bei yake yashinda mtama huo mara nyingi. Kwelea hawapigwi kwa bunduki. Habari za makundi yao na za mazalio yao zipelekwe mapema kwa Afisa Kilimo, ili serikali iwanyunyizie dawa mahali wanapolala.

2. Maana ya namba 12

Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, hupewa jina kwa namba ya tundu la mtutu wake. Namba hiyo si milimita. Zamani mafundi walichukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454 hivi, wakaigawa katika vitufe vilivyo sawa. Ikiwa kitufe kimoja katika 12 kilienea sawasawa katika tundu, mtutu uliitwa namba 12. Kwa hiyo namba inapokuwa kubwa, tundu huwa dogo. Tundu la namba 12 lina upana wa milimita 18.5 hivi, namba 16, milimita 16.8, namba 20, milimita 15.6. Ile iitwayo 410 haifuati hesabu hiyo. Upana wake ni milimita 10.4 tu, na kumpiga ndege kwayo kwataka ustadi mkubwa.

Kwa mwanachama wa kawaida twapendekeza namba 12, kwa sababu risasi zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi. Mtu mwenye umbo dogo aweza kustarehe zaidi na namba 20, lakini aulize kwanza dukani kama risasi zake huwapo mwaka mzima.

Hapa pana onyo lisilopaswa kusahauliwa. Namba 12 na namba 20 zisiwekwe pamoja katika nyumba moja. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika mtutu wa namba 12, huteleza mbele na kukwama ndani isionekane. Mtu akidhani mtutu ni mtupu akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi mwake.

Vivyo hivyo kwa urefu. Ubavuni mwa mtutu huwa pamechorwa urefu wa chumba cha risasi: milimita 65, 70 au 76. Risasi ndefu huweza kuingia katika chumba kifupi, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Lakini inapofyatuliwa hukosa nafasi ya kukunjuka, na nguvu ya baruti huzidi kipimo. Chumba cha milimita 70 chatosha kwa kazi zetu zote.

3. Mtambo upi?

Zipo aina tatu kuu. Ya kwanza ni bunduki ya kukunja, ambayo mtutu wake huinamishwa ili kutia risasi; yaweza kuwa na mtutu mmoja au miwili. Ya pili ni ile ya kuvuta mkono wa mbele nyuma na mbele ili kuingiza risasi nyingine. Ya tatu ni ile inayojipakia yenyewe.

Hizi mbili za mwisho huchukua risasi nyingi zaidi, lakini zina vipande vingi, hutaka usafi wa mara kwa mara, na mtu hawezi kujua kwa kutupa jicho tu kama zina risasi ndani. Bunduki ya kukunja ikifunguliwa, kila aliyepo chumbani huona kuwa ni tupu. Hutunzwa kwa kitambaa, ufito na mafuta kidogo, na fundi wake hupatikana. Kwa sababu hizo, mwenye fedha kidogo achague bunduki ya kukunja: ya mtutu mmoja iliyo mpya, au ya mitutu miwili iliyotumika lakini bado nzima. Urefu wa mtutu uwe sentimita 66 hadi 71. Mtutu mfupi hugeuka vyema mlangoni, mrefu humfuata ndege vyema angani. Urefu huo ni wa katikati.

Mdomo wa mitutu mingi umebanwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Kwa umbali wa mita 36 hivi, mdomo usiobanwa huweka marisau 40 katika kila 100 ndani ya duara la upana wa sentimita 76. Uliobanwa nusu huweka 60. Uliobanwa kabisa huweka 70. Kwa kazi mbili tulizozitaja, robo au nusu ndiyo inayofaa.

Mwisho, bunduki ikubali mwili wako. Ikiwa tupu, na mdomo umeelekea mahali salama, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Ukiona jicho lako limekaa sawasawa juu ya mtutu bila kukunja shingo, inakufaa. Usiipende kwa wepesi wake tu. Bunduki nyepesi hupiga bega kwa nguvu zaidi.

4. Risasi ndizo hubadilishwa

Bunduki moja hufanya kazi mbili kwa kubadili risasi. Kwa vipimo vya Kiingereza, risasi ya gramu 32 yenye marisau ya namba 6 hubeba punje 300 hivi. Ya SG hubeba punje 9 tu. Namba 6 hufaa kwa njiwa na kwale, namba 5 au 4 kwa kanga na bata. Angalia pakiti imetoka wapi: namba 6 ya Kimarekani ni sawa na namba 5 ya Kiingereza.

Usimpige ndege aliye zaidi ya mita 35. Utamjeruhi tu akafie porini bila faida kwa yeyote. Wala usidhani kuwa marisau huishia hapo, kwani hata yale madogo yaweza kufika mita 200 na zaidi. Nyama iliyoguswa na marisau ikatwe na kutupwa, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Kumbukeni pia kuwa kibali cha kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kanga hawindwi bila ruhusa. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya ndiyo ya kuulizwa.

5. Ulinzi wa nyumba na mipaka yake

Wengi hudhani bunduki ya marisau haihitaji shabaha. Si kweli. Ndani ya chumba, kwa umbali wa hatua nne au tano, marisau hayajatawanyika zaidi ya upana wa kiganja. Tena SG hupenya mlango wa mbao, na yaweza kupenya ukuta wa fito na udongo na kumfikia mtoto aliyelala upande wa pili. Kwa hiyo mwenye nyumba apange mapema: jamaa wote wakimbilie chumba kimoja, mlango ufungwe, yowe ipigwe, simu ipigwe polisi. Bunduki ibaki kwa yule atakayeuvunja mlango huo. Asifyatue mtu ambaye hajamwona na kumtambua. Wengi huamka usiku kwenda msalani.

Kanuni ya Adhabu humruhusu mtu kujilinda yeye, mwenziwe na mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Anayezidisha huwajibika mahakamani. Kumpiga mgongoni mwizi anayekimbia na kuku si kujilinda.

6. Kukagua bunduki iliyotumika

Kwanza ifungue uhakikishe ni tupu. Tazama ndani ya mtutu ukielekea kwenye mwanga: vishimo vya kutu ni dosari, na kivuli cha mviringo chaonyesha mtutu umevimba. Papasa nje kama pamebonyea. Ifunge na kuitikisa. Ikicheza mahali mtutu unapokutana na kiwiliwili, iache. Tazama nyufa za kitako. Ikiwa imekazwa tayari kufyatuka, bado ikiwa tupu, igonge kitako kwa kiganja. Nyundo ikianguka bila kuguswa kifyatulio, iache. Bunduki kuukuu iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi isitiwe risasi za siku hizi.

Halafu soma namba iliyochorwa na uilinganishe na karatasi za muuzaji. Namba iliyokwanguliwa ni dalili ya wizi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha haihami mkono kwa mapatano ya wawili tu. Mnunuzi aanzie polisi kabla hajatoa shilingi yoyote. Gobori la kienyeji lisilo na kibali lina kosa lile lile, hata kama babu aliliacha. Na chama kisimpe mlinzi wa ghala bunduki ya Mwenyekiti; kibali ni cha mtu aliyeandikwa humo.

7. Hesabu kamili

Ndugu Katibu, mwanachama akija na swali lake, chukua karatasi uandike vitu sita: bei ya bunduki, ada za kibali, za kwanza na za kila baadaye, kabati la chuma lililofungwa ukutani, pakiti mbili za risasi, kila moja 25, moja ya mazoezi na moja ya akiba, mafuta na ufito, nauli za kwenda wilayani. Kila kimoja kiandike kwa magunia ya mahindi au kilo za kahawa, kisha jumlisha. Mwulize: baada ya kutoa magunia hayo, mbolea ya msimu ujao ipo? Ada ya shule ipo?

Ikiwa fedha zatosha bunduki lakini hazitoshi kabati, basi hazitoshi bunduki. Bunduki iliyoegemezwa nyuma ya mlango haimngoji mwizi peke yake. Humngoja pia mtoto mdadisi, mlevi, na mtu mwenye hasira ya usiku mmoja. Bunduki ifungiwe kabatini ikiwa tupu, risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo ziwe kwa mwenye kibali. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kijiji chetu, wizi wa miaka ya karibuni ulifuata nini: fedha, mifugo au mazao? Ni upi ungezuiwa bila silaha?
2. Kwa nini twashauriwa bunduki ya kukunja badala ya ile inayochukua risasi nyingi?
3. Fanyeni hesabu ya vitu sita kwa bei za wilaya yetu. Jumla ni magunia mangapi?
4. Yowe ikipigwa usiku wa leo, nani ataitikia, na kwa muda gani?

Kikundi kikimaliza, Katibu aandike majibu ya swali la kwanza na la nne katika kumbukumbu za mkutano. Huenda baadhi ya wanachama wakaona kuwa walichohitaji ni komeo imara na jirani mwema. Watakaoona kuwa bunduki yawafaa watakwenda kuinunua wakijua wanachokipeleka nyumbani.