Lwenyi moja, mafuta aina mbili

Memba mmoja analeta bidoni ya mafuta ya lwenyi yenye kunukia karafuu. Jirani yake analeta yenye kunukia thym. Hakuna aliyedanganya. Lwenyi (Ocimum gratissimum) ni mmea mmoja wenye koo nyingi: ukoo huu mafuta yake yamejaa eugenoli, ule timoli. Kwa macho majani yanafanana, mufikiche, munuse.

Siye mwaka wa kwanza tulimwaga yote ndani ya pipa moja. Mnunuzi akapima, akakataa pipa zima.

Mbegu zinachanganya koo, juu nyuki wanabeba chavua shamba hadi shamba. Basi muchague mmea-mama mmoja, mukate vijiti vyake, mupande hivyo. Moto nao una neno: eugenoli ni nzito, inachelewa kutoka. Ukizima mapema, nyingi inabaki ndani ya majani.

Kila bidoni iandikwe shamba, tarehe ya kukata na saa za kuchemsha. Hapa Kolwezi, majani ya kando ya barabara ya malori ya madini muyaache. Mvuke haubebi shaba, lakini wengine wetu wanakunywa majani hayo kama chai, pamoja na vumbi lake.