Bustani Huanza kwa Kifusi

MJUKUU: Shikamoo, Bibi. Karibu Kigamboni, karibu kwangu.

BIBI: Marahaba, mume wangu. Nyumba nimeiona, hongera. Ila huku nje sijaona hata shina la mchicha. Na ile miche kivulini?

MJUKUU: Nimeinunua jana barabarani: mwembe, mpapai na asumini. Nataka niipande leo, masika yaikute ardhini.

BIBI: Hebu shika jembe kwanza, chimba hapo karibu na ukuta. Unaona nini?

MJUKUU: Kokoto, vipande vya tofali, zege lililoganda. Na mfuko wa saruji!

BIBI: Mafundi wamekuachia nyumba, wamekuachia na takataka zake. Saruji ina chokaa. Ikizidi udongoni, mmea hushindwa kufyonza baadhi ya chakula chake, majani machanga yakatoka manjano hata ukitia mbolea. Kwa hiyo zoa kifusi hadi uufikie udongo wenyewe.

MJUKUU: Udongo wenyewe ndio mchanga huu wa pwani. Ukimwaga maji, huyaoni tena.

BIBI: Uchanganye na samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Iliyooza utaijua: hainuki, na ukitia mkono ndani haina joto. Kisha tandaza majani makavu au makumbi ya nazi juu yake, jua lisiunywe ule unyevu wote. Maji unayapata wapi?

MJUKUU: Kisimani kwa jirani.

BIBI: Yaonje kabla hujamwagilia. Visima vya karibu na bahari vingine vina chumvi, na mboga nyingi hazipendi. Mvua ikinyesha, kinga maji ya batini kadiri unavyoweza. Mwagilia asubuhi mapema, shinani, si majanini.

MJUKUU: Sawa. Mwembe nataka uwe hapa dirishani, nipate kivuli.

BIBI: Utapata kivuli na nyufa pamoja. Upeleke hatua 10 kutoka ukutani, na mbali na karo la choo. Dirishani panda asumini. Hufunguka jioni, harufu ikakufuata hadi kitandani. Shimo la mwembe liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe la samadi, kisha uurudishe kuzunguka mizizi. Mche wenyewe umebebeshwa?

MJUKUU: Muuzaji kasema umebebeshwa. Kovu lake lile pale.

BIBI: Basi hapo palipoungwa pasifukiwe. Ukiutunza, baada ya miaka 3 au 4 utaanza kula embe.

MJUKUU: Na mpapai?

BIBI: Mmoja hautoshi. Ipo mipapai dume na jike, na mche hausemi ni upi hadi utoe maua. Panda mitatu au minne. Utakaoning'iniza maua kwenye vikonyo virefu ndio dume. Dume bakisha mmoja tu, mwingine ng'oa.

MJUKUU: Yote hayo ni ya kungoja, Bibi. Mimi nataka kula.

BIBI: Ndiyo maana kifusi kikiondoka unasia mchicha. Wiki 3 au 4, unang'oa. Marando ya matembele usiyanunue. Kaombe kwa jirani. Siku ya kuchuma utampelekea fungu lake, naye atakuletea bamia. Ukihamia mtaani, hodi ya namna hiyo haikataliwi.

MJUKUU: Wadudu wakivamia?

BIBI: Lazima watakuja. Vidukari wachache wafinye kwa vidole. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Magugu nayo usiyangoje Jumamosi. Ng'oa machache kila siku yakiwa madogo.

MJUKUU: Mbona kazi tupu! Raha yenyewe inaanza lini?

BIBI: Utaiona. Utaamka, kabla hujasema na mtu utatoka na kikombe chako cha chai kwenda kutazama nini kimechomoza, nini kimeliwa, ua lipi limeshika tunda. Utasema unaenda kung'oa gugu moja, chai ikapoa mkononi. Mchuzi ukiwa jikoni, utatoka kuchuma pilipili na limau hatua chache tu. Mwenye kungoja kazi iishe ndipo afurahi, huyo anunue maua ya plastiki.

MJUKUU: Nimekuelewa, Bibi. Niite kibarua azoe kifusi?

BIBI: Kibarua abebe mizigo mizito. Kuchambua fanya mwenyewe, uujue udongo wako. Nikirudi Jumapili nitachimba tena palepale. Nikikuta kokoto, talaka!