Ukitaka kulitafuta fuvu la babu Ulaya

Hapa Nyaramba, kama kwingine Gusii, hakuna wa kuelezwa Otenyo ni nani. Mwaka 1908 alimchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni Kisii, kwa kuhimizwa na nabii Moraa. Northcote alipona, akaja kuwa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Kila mara mtu husimama kwenye mkutano wa hadhara akadai kirudishwe, akapigiwa makofi, na barua haiandikwi. Maneno haya ni ya yule anayetaka kuiandika, iwe kwa ajili ya Otenyo au ya mtu wa mlango wake mwenyewe.

Anza kwa wazee, na nyanya zaidi, kwani wao ndio hukumbuka nani alimlilia nani. Rekodi kwa simu. Usiulize, "Kichwa kilipelekwa Uingereza, sivyo?" Utajibiwa ndiyo, na hiyo ndiyo haina faida. Uliza, "Alizikwa wapi? Nani alimzika? Wewe ulisikia kwa nani?" Kisha nyamaza.

Baadaye nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, uombe ripoti za wilaya. Ukitafuta "Nyamira", jina la kaunti yetu leo, utaambulia patupu: wakati huo eneo hili liliandikwa South Kavirondo, na watu wake Kisii au hata Kosova. Tena, kabla ya 1902 upande huu ulikuwa chini ya Uganda, kwa hiyo fuvu lililochukuliwa mapema huenda limeandikwa "Uganda" kwenye daftari la makumbusho.

Sasa barua. Sheria ya Uingereza ya uhuru wa habari ya mwaka 2000 inamruhusu mtu yeyote, hata akiwa Nyaramba, kuuliza makumbusho ya taifa na vyuo vikuu vya umma, nao wana siku 20 za kazi kujibu. Barua pepe inatosha. Wengi huharibu hapa kwa kuuliza, "Je, mna kichwa cha Otenyo?" Karani ataangalia jina, alikose, ajibu hapana, na mambo yaishie hapo. Omba orodha ya mabaki yote ya binadamu yaliyopokelewa kutoka British East Africa na Uganda, tuseme kati ya 1895 na 1915, pamoja na namba ya kila moja, jina la aliyeyaleta na mahali yalikotoka. Peleka British Museum, Natural History Museum, na maabara ya Duckworth ya Cambridge, ambayo ina mafuvu ya Wataita.

Usikimbilie DNA. Makumbusho ya Berlin, Ujerumani, yalichunguza mafuvu kama 1,100 ya Afrika Mashariki, na mwaka 2023 yakatangaza kupata jamaa walio hai nchini Tanzania. Lakini mafuvu yaliyopimwa dhidi ya familia yalikuwa machache tu, yale ambayo maandishi yake yalidokeza ni ya nani. Kichwa cha Mangi Meli, chifu wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani Moshi mwaka 1900, hakikupatikana. Bila karatasi, mate yako hayana cha kulinganishwa nacho.

Ukipata namba, sheria ya Uingereza ya mwaka 2004 inaziruhusu British Museum na Natural History Museum kutoa mabaki ya watu waliokufa chini ya miaka 1,000 iliyopita. Wadhamini wao wataamua, na jambo la kwanza watakalouliza ni nani anadai. Hapo ndipo koo hugombana. Kwa hiyo fanyeni kikao mapema, muhtasari uandikwe na kutiwa sahihi, nakala iende Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Amueni pia atawekwa wapi: fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudi mwaka 1954, na mpaka leo limo ndani ya kioo pale Kalenga, Tanzania, halijazikwa. Kama ninyi mnataka kaburi, barua iseme kaburi, shamba la nani, na nani atalichimba.