Maji ya Bahari na Shamba Lako
Bwana mkulima, hapa Mutuini tu mbali na bahari, lakini chumvi yake imo jikoni mwako. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Huko Gongoni, kaskazini ya Malindi, maji huachwa katika mabwawa mapana yakauke kwa jua. Chokaa hutangulia kutuama, ndipo chumvi. Yale machungu yabakiayo huondolewa. (Magadi si chumvi hiyo, ingawa wengi huyachanganya.)

Sasa jihadhari. Maji ya chumvi ya kuhifadhia ngozi usiyamwage penye sukuma wiki. Chumvi huzuia mizizi isinywe, na mmea hunyauka kwa kiu hali udongo umelowa. Ikiwa umekwisha kumwaga, lowesha pale kwa maji baridi mengi, chumvi ishuke chini, ndipo upande tena.