Mbuzi unaowaogopa ndio waliomsomesha mumeo

Dadangu wa Kayole, barua yako nimeipata. Unasema kijana wako yuko Gredi ya 5 katika shule ya kulipia hapo mtaani, mitumba haiuziki kama zamani, karo ya muhula huu hujamaliza, na sasa mumeo anataka mtoto apelekwe kwa nyanyake Mwingi asome shule ya umma. Umekataa katakata, na kwa wiki nzima hamsemezani. Sababu uliyompa ni kwamba watu wa mashambani hawajali masomo, na kijana akifika huko kazi yake itakuwa kuchunga mbuzi.

Hofu yako naielewa. Ni mama gani asiyeshtuka akiambiwa mtoto wa miaka kumi atalala mbali naye? Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita tu: mama mkwe wako aliuza mbuzi wake mmoja mmoja hadi mumeo akamaliza kidato cha nne. Hebu soma tena mstari huo, dada. Ulipomwambia mumeo kwamba watu wa kwao hawajali masomo, alichosikia ni mamake akitukanwa. Sidhani ni karo iliyomfanya anune.

Na mama huyo hakuwa peke yake. Huko Ukambani vikundi vya mwethya, vile vya kusaidiana kazi, vimejenga madarasa kwa mikono, wanawake wakibeba mchanga na maji mgongoni. Baada ya uhuru wazazi wa mashambani kote nchini walichanga kwa harambee, asiye na pesa akileta kuku anadiwe, hata kufikia miaka ya 1970 shule za upili za harambee zikawa nyingi kuliko za serikali. Wengi wa waliochanga hawakuwa wamewahi kukaa darasani wenyewe.

Sikufichi, matatizo yapo. Mvua ikikosa Mwingi, mtoto hutumwa maji mbali na kurudi amechoka. Walimu huenda hawatoshi. Ila mzazi anayemtuma mtoto maji kwa sababu mtungi ni mkavu hajaidharau shule. Siku haimtoshi tu. Na mzazi wa aina hiyo unamjua vizuri: unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi bale zikifunguliwa Gikomba, unarudi saa mbili usiku, kijana amelala kwenye kochi, daftari liko sakafuni, na kazi ya ziada amesaidiwa na msichana wa jirani. Kisha unaniandikia kwamba wewe umelipa, mwalimu afanye kazi yake. Hapo nakukatalia, dada. Mwalimu umemlipa afundishe. Umama hukumlipia.

Wala sikulaumu kwa kuchagua shule ya kulipia. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na madarasa ya umma huku Eastlands yakafurika. Shule za mabati zikaendelea kuchipuka Kayole, Dandora na Korogocho, na wazazi wa kipato kidogo wakajinyima ili walipe. Ulimtafutia mwanao mwalimu atakayelijua jina lake, na hilo ni pendo. Lakini risiti haikuambii kama mtoto anasoma.

Jumapili hii, kabla hamjaamua lolote, tafuta kitabu cha hadithi cha Gredi ya 3. Mketishe karibu nawe akusomee ukurasa mmoja, kisha akueleze kwa maneno yake kilichotokea. Watu wa shirika la Uwezo walianza mwaka 2009 kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa njia inayokaribia hiyo, na wazazi wengi walishtuka kuona mtoto wa madarasa ya juu akikwama kwenye hadithi ya darasa la pili. Akikwama wako, usimgombeze. Utakuwa umejua anahitaji nini, iwe atabaki Kayole au ataenda Mwingi.

Kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja nyote wawili: shule ya umma hapo hapo Eastlands. Usitarajie bure kabisa, maana serikali hutenga shilingi 1,420 tu kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na utaombwa pesa za chakula na nyinginezo. Darasa litakuwa limejaa. Lakini pesa utakazookoa huenda zikakuruhusu kufunga kibanda mapema mara mbili kwa wiki, na mtoto akakupata macho.

Mkiiona Mwingi ndiyo afadhali, nenda naye likizo ya Aprili, asipelekwe kama furushi. Tembea njia ya shule kwa miguu. Mwulize mwalimu mkuu ana walimu wangapi, Gredi ya 7 inafundishwa na nani, maji yako wapi, uhamisho utachukua muda gani. Mwulize kijana pia, ana lake la kusema. Usishangae nyanya akimfaa kwa mambo ambayo Kayole unayalipia: mradi wa shule wa kupanda mboga, kwako ni kununua udongo na miche, kwake ni kuchimba nyuma ya jikoni.

Kuhusu majirani watakaosema mmeshindwa na mji, waache waseme. Karo ya mwanao hawailipi wao.

Leo jioni mwombe mumeo radhi kwa lile neno ulilosema kuhusu watu wa kwao. Kisha mpigie mama mkwe, kabla hujampigia mwalimu yeyote, umwulize aliwezaje.