Nakshi Kabla ya Matiko: Kuanza Kupamba Visu Mbeya na Iringa

Ufuaji chuma una historia ndefu katika Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa Wanyiha wa Mbozi, Wafipa na Wakinga walifua majembe, mikuki na visu muda mrefu kabla ya chuma cha kiwandani kufika sokoni. Lakini nakshi, yaani michoro inayokatwa ndani ya metali kwa ncha kali, ilistawi zaidi pwani, ambako masonara wa Zanzibar na Oman waliipamba ala ya jambia na mpini wake kwa fedha, huku bapa likiachwa bila pambo. Tofauti hiyo ina sababu ya kiufundi ambayo mwanagenzi hana budi kuielewa kwanza: fedha ni laini, ilhali kisu kilichotiwa matiko hukaribia ugumu wa chombo kinachotakiwa kukikata.

Matiko ni ugumu ambao chuma hupewa kwa kupashwa moto hadi kiive na kuzimwa ghafla kwenye mafuta. Springi ya gari, malighafi ya wahunzi wengi, ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 na hupokea matiko vizuri, kwa hiyo nakshi haina budi kutangulia. Kipande hupashwa moto mpaka sumaku isikinase, jambo linalotokea kwenye nyuzijoto 770 hivi za Selsiasi, kisha hufukiwa kwenye majivu makavu kipoe taratibu, na kikitoka humo tupa hukila bila taabu.

Tindo ya nakshi inaweza kutengenezwa kutokana na kisu chakavu cha mashine ya kukereza, ambacho karakana nyingi hukitupa. Uso wake hunolewa kwa nyuzi 45, na upande wa chini unaoegemea kazi hupewa mwinuko wa nyuzi 15 hivi, ambao ndio unaomwezesha fundi kuongoza kina cha mkato. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa maana tindo inapoteleza huongeza nguvu ya nyundo, wakati dawa ni kurudi kwenye kinoo. Ncha iliyonolewa sawasawa hunasa juu ya ukucha hata ikiegemezwa kwa wepesi.

Mazoezi huanzia kwenye kipande cha shaba kilichobanwa kwenye jiliwa, kwa mistari iliyonyooka na nyundo nyepesi, fundi akiwa amevaa miwani ya kukinga macho. Mistari ya kupinda ingoje, kwani huhitaji jiliwa linalozunguka: mkono hutulia, kazi ndiyo inayogeuzwa. Isitoshe, maua ya pwani si lazima kwa fundi wa Iringa, ambaye vikapu vya milulu vya huko tayari vinampa ruwaza za pembe kali zinazolingana na uwezo wa tindo changa.

Kwenye kisu chenyewe, nakshi ikae karibu na mgongo, mbali na makali, kwa sababu mkato wenye kina huwa mahali dhaifu ambapo ufa huanzia chuma kinapozimwa; tena ukatwe kwa kina kidogo zaidi ya kinachotakiwa, maana magamba ya moto na msasa huumeza mstari mwembamba. Kwa mhunzi asiye na tanuri la kudhibiti joto, pete ya shaba kwenye shingo ya mpini ndiyo mahali bora pa nakshi ya kwanza: haihitaji matiko, na ikiharibika hubadilishwa, kisu kikabaki salama.