Dang'a: Kinga ya Kwanza ya Ndama

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko wa udongo. Ng'ombe wa maziwa waliporuhusiwa mwaka 1989, ilibidi wafugwe bandani. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja, kifo cha ndama ni hasara kubwa.

Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, kwa kuwa kondo la nyuma la ng'ombe haliziruhusu kupita kutoka katika damu ya mama. Kinga hiyo imo katika dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, mazito na ya manjano. Utumbo wa ndama huzifyonza kingamwili zikiwa nzima. Uwezo huo hupungua kila saa, na baada ya saa 24 hivi hukoma. Ndama aliyekosa dang'a hushambuliwa upesi na kuhara na kichomi, hasa katika banda chafu.

Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya uzito: ndama wa kilo 30 anyweshwe lita 3 katika saa 6 za kwanza. Kitovu nacho kipakwe iodini.